Kujikwaa Ulimi

Wewe uliyelelewa pwani huna haja ya kufunzwa uzito wa neno. Umekua ukisikia vina na mizani barazani, na wazee wako walijua kulipima shairi kabla ya kulisifu. Kwa hiyo nakuletea habari za vijana watungao nyimbo huku Tunduma, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mjadala wa ala sitaufungua. Maulamaa wamekwisha kuuzungumza, na tofauti zao unazijua. Haja yangu ni maneno.

Mji huu ni njia. Ng'ambo ni Nakonde ya Zambia. Malori yaendayo huko na Kongo hupanga foleni barabarani, na reli ya TAZARA nayo inapita. Kijana wa hapa husikia Kiswahili, Kinyamwanga, Kinyiha na Kibemba kabla hajaota ndevu, na miziki ya pande zote mbili humfikia. Wengi wao hawana bendi wala tajiri wa kuwasimamia. Kijana hubeba mizigo au huendesha bodaboda, akadunduliza, akamlipa mtayarishaji mwenye kompyuta katika chumba kimoja. Wimbo ukiwa tayari huutawanya mwenyewe kwa simu.

Nimewauliza baadhi yao waliopita chuoni kwangu namna wanavyotunga, nikapata njia mbili. Mmoja huanza na mdundo. Mtayarishaji humpigia, naye huguna sauti zisizo na maana mpaka apate mahadhi, kisha hutafuta maneno ya kuyajaza. Mwingine huanza na neno: lipo jambo limemkaa kifuani, huliandika, hulipanga, ndipo aende kulitafutia sauti.

Wala usidhani naibeza njia ya kwanza. Kasida ngapi tumezitia maneno mapya katika mahadhi ya zamani? Hata Saleh Jabir, alipotoa kanda yake ya kurap kwa Kiswahili mwaka 1991, alipachika maneno yetu juu ya midundo ya Kimarekani, na wengi wakaona kuwa lugha yetu yaweza kuingia humo. Lakini atafutaye neno la kujaza nafasi ana hatari moja: huchukua lililo karibu.

Mmoja wa hao, kijana mwenye sauti nzuri ya kusoma, alikwama katika kiitikio. Mdundo ulitaka neno la mizani tatu. Akatia jina la binti wa mtaani kwao, na beti zilizofuata zikamzulia binti huyo mambo asiyoyafanya. Anasema hakumkusudia, jina lilipendeza sikioni, basi. Haukupita muda wimbo ukawa katika kila bodaboda. Binti alikuwa na posa, posa ikavunjika. Akawa hatoki nje, kwa kuwa watoto walimwimbia njiani. Baba yake alikuja kwangu kabla ya kwenda kwa kijana, akasema, "Sheikh, huyu umemfundisha wewe kusoma."

Nikamwita kijana. Akaniambia, "Sheikh, nimekwisha kuufuta." Nikamwuliza, "Umeufuta katika simu za nani?" Akanyamaza.

Baadaye akajitetea kwamba hata Siti binti Saad, niliyekuwa nikimsifu mbele yao, alitaja watu. Ni kweli. Siti, mzaliwa wa Fumba, aliuza vyungu kabla ya kupanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, na mpaka alipofariki mwaka 1950 hakuacha kuimba mambo ya mji wake. Wimbo wake wa Kijiti unamtaja mtu kwa jina. Lakini nilimwambia kijana atazame ni nani aliyetajwa: mtu aliyemwua mwanamke mgeni Unguja, kisha akakimbilia bara. Wimbo ule ulimfuata aliyeponyoka, ukamlilia asiyeweza tena kusema. Yeye alimtaja asiye na kosa wala pa kujibia, kwa ajili ya mizani tatu.

Mwishoni mwa Suratu Sh-Shuaraa, Mwenyezi Mungu amewalaumu washairi watangatangao katika kila bonde wakisema wasiyoyatenda. Kisha akawatoa walioamini, wakatenda mema na kujitetea baada ya kudhulumiwa. Basi ushairi haukufungiwa mlango. Mwenye kuupitia ndiye aliyewekewa masharti.

Kijana alikwenda na mjomba wake kuomba radhi, akasimama mbele ya wazee wa mtaa akakiri kuwa aliyoyaimba ni uzushi. Baba alimsamehe. Posa haikurudi.

Ndugu msomaji, ukiwa na mtoto atungaye, usikimbilie kumvunjia simu. Atatungia kwa rafiki yake. Mkalishe akuimbie wewe kwanza, beti kwa beti. Mwulize: Neno hili umelitoa wapi? Aliyetajwa humu atapitaje sokoni kesho? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi asiibiwe jasho lake, na hiyo ni haki yake. Heshima ya jirani nayo ni haki, na mlinzi wake wa kwanza ni yule aliyeshika kalamu. Wazee walisema ni heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nao hawakuuona ulimi unaosafiri kwa simu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na za watoto wetu. Amin.