Mti wa Ncha Saba

Mwezi wa Novemba twalipanda ngazi za mawe za Takao, katika milima iliyo kaskazini-magharibi ya mji wa Kyoto, nchi ya Japani, kwenda kuutazama mti mdogo uitwao momiji. Jani lililo katika bendera ya Kanada ni la ukoo wake, ila la momiji ni dogo, hufunikwa na kiganja cha mtoto. Baridi iingiapo hugeuka jekundu, na mlima mzima huwa kama unaowaka. Subhana Llah!

Wajapani huuita pia Iroha, kwa kuwa mtu akihesabu ncha za jani husema i, ro, ha, ni, ho, he, to, herufi saba za mwanzo katika mpango wao wa kale. Kama watoto wetu chuoni wasemavyo alifu, be, te. Nasi tukahesabu, mengine yalikuwa na tano tu! Basi tazama kijitini: majani hutoka mawili mawili, yameelekeana, na mbegu zake ni pacha wenye mbawa.

Twalitamani kuupanda kwetu Mombasa. Mzee mmoja, mtunza bustani, akatukatisha tamaa kwa upole. Mbegu hizi haziamki mpaka zilale miezi kadha katika baridi na unyevu, na mti wenyewe hutaka kupumzika baridini kila mwaka. Hata huko kwao, mche wa mbegu si lazima ufanane na mamaye. Atakaye rangi ile ile aghalabu huunganisha kijiti chake na shina la mche mwingine.

Twalirudi na jani moja, tumelikausha baina ya kurasa za daftari. Lina ncha saba, na wekundu wake umeanza kufifia.