Marafa wakati wa mvua

Tangu niweke ile picha ya Mama Neema na watoto, simu yangu haijatulia. Wengine mmeuliza kama hapo ni Marekani. Hapana, ni hapa hapa Kilifi, Marafa, upande wa Magarini. Wengi mmefurahi kumwona akitabasamu, na mpendwa mmoja ameandika kwamba hatimaye roho ya huzuni imemwachilia. Nimeona nieleze safari yenyewe, kisha niseme neno kuhusu hiyo "roho".

Haikuwa safari ya kupangwa. Ilikuwa Jumatatu, siku yangu ya kupumzika, mwezi wa nne, shule zimefungwa na mvua za masika zimeanza. Saa kumi na moja alfajiri nilimkuta Mama Neema ameketi jikoni, chai imepoa mbele yake. Tangu tumzike mamake mwezi wa pili, siku zake zilikuwa zikianza hivyo. Nikamwambia, "Vaa viatu, twende." Akauliza wapi. Nikasema Marafa, maana ndilo jina la kwanza lililonijia. Hakubisha. Watoto waliingia garini na mablanketi yao. Mzee mmoja wa kanisa alipopiga simu, nikamwambia nakwenda Jehanamu na familia yangu yote. Alicheka mpaka simu ikakatika. Mtaelewa mbele kidogo.

Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Kilifi tulikula mahamri na mbaazi, tukanunua korosho. Baada ya Malindi unavuka daraja la Sabaki, na hapo nilisimama kando ili watoto waone mto. Ulikuwa umejaa, mwekundu kama matofali, ukibeba udongo wa bara kuupeleka baharini. Ndiyo sababu bahari ya Malindi hubadilika rangi wakati wa mvua, na watalii wengi hawaji miezi hiyo. Ukipita Mambrui unaiacha bahari nyuma. Minazi inapungua, nyika inaanza: miiba, mibuyu, mbuzi, nyumba mojamoja. Ni nchi ya ukame ile. Kuna miaka mvua inawapita kabisa.

Basi unafika Marafa, kijiji cha kawaida, na ghafla ardhi mbele yako haipo. Imekatika. Chini kuna bonde lenye nguzo na kuta za mawe ya mchanga, nyeupe, waridi, rangi ya chungwa, nyekundu iliyokolea, zimechongoka kama vichuguu virefu. Hapo zamani palikuwa mwinuko tu. Mvua na upepo vimeula kidogo kidogo. Wageni walipaita kwa Kiingereza jina lenye maana ya Jiko la Jehanamu, kwa vile joto la mchana kule chini ni kali sana. Wenyewe Wagiriama hupaita Nyari, yaani mahali palipovunjika penyewe.

Hapakuwa na mgeni mwingine. Tulilipa ada, na kijana mmoja wa pale akakubali kutushusha. Alisema siku ya jua watu hungoja jioni, lakini wingu lilikuwa zito, na udongo uliolowa ulizikoleza rangi zile hata Neema, ambaye hasifu kitu siku hizi, akasema, "Baba, hii ni ya kweli?"

Kule chini kijana akatusimulia hadithi ya mahali pale. Palikuwa na familia tajiri, yenye ng'ombe wengi hata walikuwa wakioga kwa maziwa, na majirani wana njaa. Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Ni hadithi ya wazee, lakini nimesikia mahubiri mengi juu ya utajiri yasiyofika hapo.

Mama Neema alikuwa ameweka kiganja ukutani. Mawe yale ni laini, mkono ulitoka na rangi. Akamuuliza kijana, "Bado panavunjika?"

"Kila masika, mama. Mvua kubwa ikinyesha, kesho yake tunakuta njia imebadilika."

Akakaa juu ya jiwe. Akaanza kuwaambia watoto kwamba bibi yao kule Taita alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na kila jioni kikombe cha kwanza kilikwenda kwa mama jirani aliyekuwa mjane, hata siku ambayo ng'ombe alitoa vikombe viwili. Yeye ndiye aliyetumwa kukipeleka, na siku moja alikinywa njiani. Mamake hakumchapa. Alikamua tena kilichobaki, akampa akipeleke. Watoto hawakuwa wamewahi kusikia habari hiyo, wala mimi, na tumeoana miaka kumi na saba. Alisimulia, akalia, akacheka, akalia tena. Kijana wetu akasogea, akamshika bega. Sikuomba kwa sauti wala sikutaja andiko. Picha mliyoiona ilipigwa dakika chache baadaye. Mkiitazama vizuri, macho yake ni mekundu.

Sasa, hiyo roho. Mimi ni Mpentekoste, naamini mapepo yapo na nimeyakemea. Lakini mtu aliyefiwa na mamake miezi miwili iliyopita na bado analia, hana pepo. Amefiwa. Soma Kumbukumbu la Torati 34: Israeli walimlilia Musa siku 30. Katika Mwanzo 50, Wamisri walimlilia Yakobo siku 70, na hakuwa hata mzee wao. Kaburini kwa Lazaro, Yohana 11, Bwana alijua anachokwenda kufanya, na bado alitoa machozi. Nani kati yetu angemsogelea na chupa ya mafuta amkemee?

Ikiwa mtu hali, halali, siku zinapita, huyo tutamwombea na tutampeleka kwa daktari pia. Lakini nimesikia minong'ono kwamba mke wa mchungaji angekuwa ameshasimama. Naomba ikome. Hakuna aliyempa muda wa mwisho, na mimi mumewe sitampa.

Jumapili hii atakuwa upande wa akina mama kama kawaida. Huenda akaimba, huenda akalia. Ukitaka kumsaidia, muulize mamake alikuwa mtu wa namna gani. Ila uwe na nafasi, maana akianza habari ya yule ng'ombe hamalizi upesi.