Pima Jembe Lako

Jembe ni mali ya mkulima, lakini ni mali inayoliwa na udongo. Kila siku tunapolima, jembe linapungua kidogo. Mwishoni bapa lililokuwa pana hubaki dogo kama kiganja cha mtoto.

Mimi ni mwelimishaji wa watu wazima katika Mkoa wa Songwe. Katika darasa moja, si mbali na Tunduma, palikuwa na mama mmoja aliyesemwa sana. Majembe yake yalikwisha mapema kuliko ya jirani yake. Watu walisema hatunzi zana. Nyumbani kwake pia maneno yalikuwa mengi, kwa sababu kila jembe jipya lilikula fedha za chumvi na sabuni.

Darasa likaamua kupima. Mama yule na jirani yake walinunua majembe ya aina moja katika duka moja. Tulipiga alama kwa msumari kwenye kila jembe, karibu na mpini. Tukapima kwa rula kutoka kwenye alama mpaka kwenye makali. Tukaandika daftarini. Kila mmoja alilima siku 20. Hawakunoa, maana tupa nayo hula chuma. Kisha tukapima tena.

Jembe la mama lilikuwa limelika zaidi. Watu wakacheka. Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Wakabadilishana mashamba kwa siku 20 nyingine, kila mtu na jembe lake. Safari hii jembe la jirani ndilo lililolika zaidi. Hakuna aliyecheka. Kumbe mla majembe alikuwa shamba.

Shamba la mama lina udongo wa kichanga. Shamba la jirani lina udongo wa mfinyanzi. Punje nyingi za mchanga ni madini yanayoitwa kwatzi. Mwaka 1812 mtaalamu Mjerumani, Friedrich Mohs, alipanga madini kwa ugumu, kuanzia 1 hadi 10. Almasi ni 10. Kwatzi ni 7. Chuma cha jembe la kawaida hakifiki 7. Kwa hiyo punje za mchanga hukikwaruza. Chembe za mfinyanzi ni ndogo na laini zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba humaliza jembe.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Wilaya ya Songwe wanalijua jambo hili. Dhahabu yao hupatikana ndani ya mawe ya kwatzi, na tindo zao huwa butu upesi.

Ndugu msomaji, nawe pima. Tuseme leo jembe lako lina milimita 180. Baada ya siku 20 za kulima lina milimita 176. Limepungua milimita 4. Basi kwa siku 100 litapungua milimita 20. Sasa unaweza kujua mapema lini utahitaji jembe jingine, ukaanza kuweka akiba.

Mhunzi anaweza kukaza makali kwa moto na maji, yachelewe kulika. Lakini chuma kikikazwa mno, huvunjika kikigonga jiwe.

Mama yule bado analima kichanga, na majembe yake bado yanalika. Lakini fedha ya jembe huwekwa mapema, na mumewe ndiye anayeshika rula. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.