Kwa Nini Radha Anasita

Filamu njema ni kama shairi lenye fumbo: mara ya kwanza hukupa habari, mara ya pili hukupa maana. Kwangu filamu hiyo ni Mother India ya Mehboob Khan, iliyotolewa mwaka 1957.

Mwanzoni, bibi kizee Radha, aliyeigizwa na Nargis, anaombwa na wanakijiji wenzake afungue mfereji mpya wa maji. Anasita. Mtazamaji mgeni hudhani ni unyenyekevu wa uzee. Anayerudia anajua kwamba mama huyu alimpiga risasi Birju, mwanawe kipenzi, aliyegeuka jambazi na kumteka binti wa mla riba siku ya arusi. Mwishoni maji yanatoka mekundu kama damu.

Ujanani nilimlilia Birju, kwa kuwa mla riba yule aliwadhulumu kweli. Baadaye, nikiwa mwalimu, ilinilazimu kutoa ushahidi dhidi ya mwanafunzi niliyempenda kuliko wote, aliyeiba mtihani. Alifukuzwa. Nilipoitazama tena filamu ile nikamwelewa Radha: alilinda heshima ya binti asiyemzaa, wala hakuacha kuwa mama wa yule aliyemuua.

Ushahidi wangu sijaujutia. Hata hivyo, kila nimwonapo Radha akisita mbele ya maji, namkumbuka kijana yule.

Irudieni, wapenzi wa lugha, hata kama Kihindi hamkijui. Kusita kwake hakuhitaji mkalimani.