Jioni Moja Katika Uwanja wa Besiboli wa Toledo

Katika jimbo la Ohio, huko Marekani, upo mji uitwao Toledo. Jina lake limetokana na Toledo ya Hispania, ambayo Waarabu waliiita Tulaytula, na ambayo ilikuwa mikononi mwa Waislamu hata mwaka 1085. Katika mji huu wa Ohio Waislamu wa asili ya Sham walianza kukaa tangu mwanzo wa karne ya 20. Na huko Perrysburg, jirani na mji, umesimama msikiti mkubwa wenye kuba na minara miwili, uliofunguliwa mwaka 1983.

Wenyeji wetu walipokwisha kutuzungusha msikitini, walitualika twende pamoja na watoto wao kutazama besiboli. Uwanja wenyewe, Fifth Third Field, uko katikati ya mji, ulifunguliwa mwaka 2002, na huenea watu zaidi ya 10,000. Timu yake ni Toledo Mud Hens, yaani kuku wa matopeni, jina la tangu mwaka 1896, lililotokana na ndege wa kinamasi waliokuwa karibu na kiwanja chake cha zamani. Si timu ya ligi kuu. Wachezaji wake hutarajia kupandishwa kwenda Detroit Tigers.

Mchezo wenyewe ni huu: mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mwenziwe huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kupita vituo vitatu hata arudi alipoanzia. Kila upande hupata zamu 9. Hapana saa ya kuumaliza. Pande zikiwa sawa, zamu huongezwa.

Katika siku za Juni jua la Toledo huchwa baada ya saa tatu za usiku, na mchezo ulianza saa moja. Basi Magharibi iliingia mchezo ukiwa umepamba moto. Mwenyeji wetu aliinuka. Mwanawe, mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, akamwambia, "Baba, tungoje zamu hii iishe." Babake akamjibu kwa upole, "Mwanangu, ikiisha hii itaanza nyingine." Tukaenda sote mahali patulivu nyuma ya viti, tukaswali jamaa. Tuliporudi, mpira mzuri kuliko yote ya usiku ule ulikuwa umekwisha kupigwa. Mtoto alisikitika kidogo, kisha akakaa akafurahi na wenziwe.

Haifai kusemwa kwamba Uislamu hautaki furaha. Mtume wetu (s.a.w.) alimsitiri Bibi Aisha (r.a.) kwa joho lake, naye akawatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi. Lakini mzazi awapelekaye watoto uwanjani na ajue mapema kwamba pombe huuzwa humo, na soseji zisizotuhalalikia. Sisi tulitosheka na karanga na maji.

Enyi vijana wetu, michezo mingi ya dunia haina mwisho wake: ikiisha hii huanza nyingine. Swala ina wakati wake, na wakati haumngoji mtu. Nanyi wazazi, msiwafukuze watoto katika furaha ya halali. Fuataneni nao, na wakati ukiingia, tangulieni ninyi kuinuka.