Kiwanja cha Bibi Kinachotazama Bahari

Ukitafuta mtandaoni nyumba ya kupumzikia pwani ya Pangani, maneno utakayokutana nayo ni yale yale: mchanga mweupe, mabanda ya makuti, ngalawa, utulivu, na mwisho kabisa "historia". Historia huwekwa kama kachumbari pembeni ya pilau. Ikiwepo vizuri, isipokuwepo hakuna mgeni atakayerudisha sahani.

Mimi ni mtu wa Kabuku, wilaya ya Handeni. Nikiwaambia hivyo watu wa Dar, wengi wanakumbuka dirisha la basi: umepita Mkata, hujafika Segera, unaona mkonge, unaona watu wanauza machungwa, umeshapita. Ukichukua ramani ukachora mstari ulionyooka kutoka Kabuku hadi baharini, hazifiki kilomita 70. Lakini kwetu nimekua na wazee ambao bahari wameiona mara moja au mbili maishani, na hakuna aliyejiita mtu wa pwani. Sisi ni watu wa bara. Ndivyo tulivyojiweka, na ndivyo wenye mabanda wanavyotuweka pia, maana katika hadithi wanazowapa wageni wao bara haipo.

Najiuliza haya kwa sababu familia yetu ina kiwanja baharini. Bibi mzaa mama alizaliwa Kabuku, akaolewa na mtu wa kijiji kimoja kusini mwa Mto Pangani, ng'ambo ya kivuko. Babu alipofariki, shamba la minazi likabaki kwa bibi. Bibi alipofariki, likabaki kwa watoto wake, ambao wote wako Kabuku na Korogwe. Miaka mingi lilikuwa shamba la kuletewa nazi na salamu. Sasa barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo imeanza kujengwa, pamoja na daraja juu ya mto, na madalali wamejua njia ya kufika Kabuku.

Dalali aliyekuja kwetu alikuwa kijana mstaarabu. Alimwamkia mjomba vizuri, akanywa chai, akataja hela ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu amewahi kuishika kwa mkupuo. Mteja wake anataka kujenga mabanda sita ya wageni. Mama mdogo akauliza: na makaburi? Maana bibi na babu wamezikwa pale pale, chini ya mwembe, karibu kabisa na maji. Kijana akatabasamu. "Msiwe na wasiwasi mama. Makaburi yatabaki. Wageni wanapenda vitu vya kale. Tutapanda maua, itakuwa sehemu ya bustani."

Mama mdogo hakusema kitu. Mjomba naye akanyamaza. Mimi lile neno "vitu vya kale" liliniganda. Bibi alifariki nikiwa darasa la pili.

Kiswahili kina neno moja, urithi, kwa mambo mawili ambayo watu hudhani yanafanana. Kuna urithi wa kugawana: marehemu ameacha shamba, warithi ni hawa, kila mtu apate fungu lake. Na kuna urithi wa kutunza: mji mkongwe, magofu, ngoma, simulizi, vitu ambavyo tunaambiwa ni vya wote. Ule wa kwanza una wenyewe na una bei. Wa pili hauna bei, na mara nyingi hauna wenyewe pia. Banda la wageni linaponunua kiwanja cha baharini, linanunua ule wa kwanza na kupewa ule wa pili bure.

Sasa tazama huo wa bure una nini ndani yake. Pangani mgeni hupelekwa kwenye Boma, jengo la mwanzoni mwa karne ya 19, na hapo husimuliwa kwamba watumwa walizikwa hai katika misingi ili jengo lisimame imara. Sitathibitisha wala kukanusha simulizi hiyo. Nasema tu kwamba kila nilipoisikia, msimuliaji alitaja aliyejenga na hakutaja waliozikwa walitoka wapi. Watumwa katika simulizi hizi huwa wanatokea tu, kama mchanga.

Walitoka mahali. Wengi walitoka mbali sana, lakini wengine walitoka huku kwetu. Katika miaka ya 1830 ukame na njaa viliipiga nchi ya Uzigua, na watu wakashuka pwani kutafuta chakula. Wengine waliwekwa rehani, wengine waliuzwa, wengine walijiuza wenyewe ili wale. Wengi walipakiwa kwenye majahazi wakapelekwa Benadir, kwenye mashamba ya kusini mwa Somalia. Na tusijitakase: baadaye Wazigua wenyewe walishika bunduki na wakawakamata jirani zao. Njia ile ya kutoka bara kwenda bahari ilikanyagwa na Mzigua aliyefungwa na Mzigua aliyefunga.

Waliopelekwa Somalia hawakuyeyuka. Wapo waliotoroka wakajenga vijiji vyao kwenye misitu ya Mto Juba, na wazee wao wanamtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Kizigua chao hakikufa. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na serikali ikawaweka Handeni, kwanza kambi ya Mkuyu, kisha mwaka 2003 makazi ya Chogo, si mbali na Kabuku. Wengi baadaye wakapewa uraia. Hebu fikiria: watu waliotoka kwa jahazi zaidi ya miaka 150 iliyopita wanarudi, na wenyeji wanaelewana nao kwa lugha. Kama kuna urithi mkubwa zaidi ya huo katika mkoa mzima wa Tanga, mimi siujui. Lakini hauna bahari wala makuti, kwa hiyo hakuna gari la wageni linalokwenda Chogo.

Wasomaji wa fasihi wataona kwamba hadithi hii wanaijua kwa sura nyingine. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, Yusuf ni mtoto wa mji mdogo wa bara. Anapandishwa treni na mfanyabiashara Aziz kwenda pwani, akidhani anakwenda kutembea kwa mjomba, kumbe ni rehani ya madeni ya baba yake. Huko anakuta nyumba yenye bustani nzuri mno, na jina la kitabu linaanza kuuma. Bustani ni pepo kwa nani? Kila ninaposoma tangazo la banda la baharini linaloahidi pepo, namkumbuka Yusuf, na nakumbuka kwamba kwa mtoto wa bara pwani ilikuwa mahali pa kulipia deni.

Si kwamba bara ilishuka pwani kwa minyororo tu. Bwana Heri, aliyetawala Saadani na kuwasumbua Wajerumani kuanzia 1888 hadi alipofanya suluhu mwaka 1890, alikuwa na asili ya Kizigua, na nguvu yake ilitokana na kujuana na watu wa ndani. Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, ndiye anayekumbukwa zaidi. Bwana Heri anahitaji mtu akueleze bara kwanza ndipo umwelewe. Na mkonge unaouona dirishani pale Kabuku ulipitia njia hiyo hiyo kwa upande wa pili. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka huko mkonge ukapanda bara, ukachukua ardhi yetu, ukajenga kambi za manamba, na kufika mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Pwani na Kabuku ni hadithi moja iliyokatwa katikati, na anayelala kwenye banda anapewa kipande cha baharini tu.

Hatuko peke yetu. Shela, kisiwani Lamu, nyumba nyingi za zamani zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya, zikakarabatiwa vizuri kuliko ambavyo warithi wangeweza. Ukweli huo lazima usemwe: nyumba iliyouzwa imesimama, ya jirani aliyekataa kuuza imeanguka. Hata Uskoti, katika vijiji vya wavuvi vya pwani ya Fife kama Crail na Pittenweem, nyumba nyingi za wavuvi zimekuwa za likizo. Huko lalamiko halikuwa kwamba mawe yameharibiwa. Lilikuwa kwamba watoto wa wavuvi hawana pa kuishi. Mwaka 2022 Uskoti ikaweka leseni kwa nyumba zinazokodishwa kwa muda mfupi. Unaweza kuhifadhi ukuta na ukapoteza aliyeujenga.

Na sheria zetu? Nimezisoma, maana mjomba alisema, "Mpwa wangu, wewe umesoma, tuambie." Mgeni asiye raia hawezi kumiliki ardhi Tanzania ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu maalumu. Hilo ni la Sheria ya Ardhi ya 1999. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na mengine yakitangazwa rasmi. Kaburi la bibi si la kabla ya 1863. Liko ndani ya zile mita 60, kwa hiyo hakuna atakayejenga juu yake. Ndiyo maana yule kijana alisema kwa urahisi kwamba litabaki. Ni kweli litabaki. Swali ni sisi tutalifikaje.

Hapo ndipo jambo zima lilipo. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, mama na wadogo zake hushuka kwenda kuzuru. Wanafagia, wanasoma dua, wanakula ubwabwa chini ya mwembe, watoto wanakimbilia maji. Kiwanja kikiuzwa kutakuwa na uzio, na kwenye uzio geti, na kwenye geti mlinzi. Mlinzi atakuwa kijana wa watu tu, hana ubaya, atasema: subirini nipige simu. Mama yangu atasimama kwenye jua na kapu la ubani akisubiri ruhusa ya kumwona mama yake, na ndani mgeni atakuwa amelala kwenye kiti cha kamba akilitazama lile kaburi kama kitu cha kale.

Mama mdogo ana watoto wawili sekondari na mume aliyepooza. Anataka tuuze, na hakuna mtu wa kumlaumu. "Nyie mnalia na makaburi," alituambia, "mimi nalia na ada." Kwa Wazigua wa zamani ukoo ulihesabiwa kwa mama, na neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Lakini mjomba wetu ni mtu wa siku hizi, akasema kila mtu aseme lake na liandikwe.

Niliandika mimi, kwenye daftari la mtoto. Hatutauza, tutapangisha kwa miaka, na kodi ya kwanza iende kwa mama mdogo. Njia ya kwenda mwembeni ibaki wazi bila geti, na iandikwe kwenye mkataba, ishuhudiwe na serikali ya kijiji. Vijana wawili wa ukoo wapewe kazi. Dalali alikubali ya kodi, akasema ya vijana inazungumzika. Ya njia aliikataa: wageni wanalipia faragha. Mjomba akamjibu kwamba sisi tulilipia kabla yao.

Mazungumzo yanaendelea. Huenda mteja akachoka akatafuta kiwanja kwa watu wenye shida zaidi yetu, na wapo. Nikiulizwa na mwenye banda yeyote aweke nini kwenye ile aya ya historia, ningemwomba aongeze sentensi moja tu: kwamba watu waliolala hapa walitoka bara, na wajukuu zao wako hai, na watakuja kabla ya Ramadhani. Mgeni akiisoma hiyo, siku atakapowaona wanawake wanapita na kapu, atajua kwamba yeye ndiye mgeni, na pengine atasogeza kiti.