Pedi Nyekundu

PS4 ikiunganishwa na pedi mbili, ya kwanza huwaka taa ya buluu na ya pili nyekundu. Ya tatu ingekuwa ya kijani na ya nne ya waridi, ila kwenye banda letu la gemu hapa Same hatujawahi kufika huko. Pedi ni ghali na benchi ni moja. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa vijana wa mtaa wetu waligawanyika katika rangi mbili tu. Mwenye buluu alicheza mpaka mwisho. Mwenye nyekundu alicheza vizuri hadi dakika ya sabini hivi, halafu beki wake anaanza kukimbia peke yake kuelekea nje ya uwanja, vidole vinabonyeza bure, na kwenye luninga linatokea tangazo kwamba pedi imekatika.

Mechi moja ni shilingi 500. Hiyo si hela ya kugombania, lakini juu ya hiyo 500 wao huwekeana zao, na siku moja kijana wa bodaboda akapoteza elfu kumi pedi ikiwa imekufa mkononi mwake. Hakuilaumu pedi. Alimlaumu mdogo wangu, ambaye ndiye anayegawa pedi, anapokea hela na kukaa nyuma ya wachezaji. Alisema kuna kitufe mahali. Alisema marafiki wa mwenye banda hawakatikiwi. Akasema pia atalipeleka suala hili baraza la kata, na hapo hatukucheka. Watani wetu hudai Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mimi niliyekulia huku siwezi kusema wanatusingizia sana.

Banda hilo ndilo kazi ya mdogo wangu. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka popote, akakaa nyumbani mwaka mzima akiangalia magari yakipita kwenda Arusha na Dar. Mama akauza tangawizi ya msimu mmoja kutoka shamba la bibi kule Mamba Miamba, akanunua mashine iliyotumika, luninga na pedi mbili. Mtu akisema banda lina wizi, anasema tangawizi ile ilinunua wizi. Mama alilisikia hivyo hivyo. Alinipigia simu Dodoma, ninakosoma uhandisi wa mawasiliano, akasema jambo moja tu: "Ukija likizo, uje uniambie mtoto wangu ni mwizi au si mwizi."

Nilipofika nilikuta matatizo mawili yamefungwa pamoja kama kuni, na la kwanza lilikuwa jepesi. Ile pedi nyekundu ilikuwa imeazimwa wikiendi moja kwenye mashine ya jirani, na iliporudi ikakataa kabisa kuungana na yetu. Pedi za aina hii hukumbuka mashine moja tu, ile ya mwisho. Dawa yake ni kuzima mashine, kutafuta tundu dogo nyuma ya pedi karibu na kitufe cha L2, kuingiza pini na kubonyeza kwa sekunde chache, kisha kuichomeka kwa waya na kubonyeza kitufe cha katikati. Mdogo wangu alikuwa ameyafanya yote hayo, mara nyingi, bila mafanikio. Pedi ilikuwa inachaji vizuri tu, kwa hiyo hakuna aliyeushuku waya.

Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za kupitisha taarifa. Nyaya za elfu mbili zinazouzwa stendi mara nyingi zina zile mbili za umeme tu. Zinalisha, hazisemi. Nikachukua waya wa simu yangu ya zamani, na pedi ikaungana papo hapo. Mdogo wangu aliutazama ule waya wake wa stendi kwa muda, kisha akaufunga fundo na kuutupa juu ya kabati.

Lakini jioni ileile ikakatika tena.

Tatizo hilo la pili lilikuwa na tabia ya mtu mjanja. Asubuhi tulipolipima, mimi na yeye tu, pedi zote mbili zilidumu saa nzima. Jioni watu wakijaa, nyekundu inakufa. Nikabadilisha: pedi iliyokuwa nyekundu nikaifanya ya buluu, na ya buluu ikawa nyekundu. Aliyekatika akawa yuleyule, mwenye nyekundu. Kwa hiyo pedi hazikuwa na ugonjwa. Halafu nikaacha rangi, nikaangalia watu wanakaaje. Kwenye banda letu mshindi habanduki. Anabaki upande wa kushoto wa benchi na buluu yake, na mpinzani anayetoka nje anakaa kulia, upande wa mlango, ambako watazamaji wamesimama wamebanana. Nyekundu ilikuwa jina lingine la kiti cha kulia. Na kwa kuwa marafiki wa mdogo wangu wanashinda pale kutwa, wamezoea gemu, wao ndio waliokuwa wanashinda na kubaki kushoto. Yule kijana wa bodaboda alichokiona alikiona kweli. Ni maelezo yake tu yaliyokuwa na shida.

Kulikuwa na ushahidi mwingine mbaya zaidi. Siku ya ugomvi, mdogo wangu, ili kujisafisha, alichomeka pedi kwa waya mbele ya watu wote, akasema sasa haitakatika. Ikakatika. Watu walipiga yowe. Waya umechomekwa, na bado mtu anakatikiwa. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Hapo nilikaa nje kwenye kreti nikafikiri, kwa sababu kwa mtu wa kawaida hilo halielezeki. Ufumbuzi uko kwenye umri wa pedi. Mwaka 2016 Sony ilitoa toleo jipya la DualShock 4, ambalo unaweza kulitambua kwa mstari mwembamba wa mwanga unaoonekana juu kwenye kile kibao cha kugusa. Hilo, ukilichomeka kwenye PS4, linaweza kupitisha amri zako kwenye waya. Toleo la zamani, la 2013, linapochomekwa linapokea chaji na kutambulishwa kwa mashine tu. Vidole vyako bado vinasafiri hewani. Pedi zetu zote mbili hazina ule mstari. Siku ile mdogo wangu alichomeka waya, na pedi ikaendelea kutumia mawimbi kama kawaida.

Basi yakabaki mawimbi. Pedi hizi zinatumia Bluetooth, katika masafa ya gigahezi 2.4, palepale panapotumiwa na ruta nyingi za waifai na na simu zinazogawa intaneti. Bluetooth haikai mahali pamoja. Inarukaruka kati ya chaneli 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde. (Wazo la redio kurukaruka masafa lilisajiliwa Marekani mwaka 1942 na Hedy Lamarr, mwigizaji wa sinema, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, wakiwaza kuongoza torpido za kivita. Siku hizi linaongoza beki wa kulia.) Nilimweleza mama kwa njia ya ndiva, maana amekulia milimani. Usiku maji ya kijito yanajaza ndiva, asubuhi inafunguliwa, na kila mwenye shamba anangoja zamu yake. Wakiwa watano, kila mmoja anamwagilia. Wakiwa hamsini, na wengine hawafuati zamu, wa mwisho mferejini anapata matope.

"Na wa mwisho ni nani?" mama akauliza.

Aliyekaa kulia. Bado kulikuwa na swali la kwa nini maji yenyewe yalikuwa machache tangu mwanzo, na jibu lake nilikuwa nimeliegemea siku tatu nzima nikiandika kwenye daftari. Ni sanduku la chuma.

Baada ya jirani kuibiwa luninga, mama aliagiza fundi wa kuchomelea amtengenezee sanduku la kuhifadhia mashine. Ni kazi nzuri sana, la chuma kizito pande zote, mlango na kufuli, matundu ya kupitisha hewa yenye ukubwa wa kidole, na upenyo mmoja nyuma wa nyaya. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Tundu la kidole kwake ni kama ukuta. Kilichokuwa kinafika kwenye pedi ni makombo yanayotokea upenyo wa nyuma na kugonga ukutani. Asubuhi, banda likiwa tupu, makombo yanatosha. Jioni wanaongezeka watu ishirini, na mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hunyonya mawimbi haya. Juu yake kuna simu ishirini mifukoni. Kiti cha kulia kinakuwa gizani.

Jioni iliyofuata tuliacha mlango wa sanduku wazi, tukaugeuza utazame benchi. Watu walijaa hadi dirishani. Hakuna kilichokatika.

Mama hakufurahi. Alikuwa amelipa chuma kile kwa hela ya tangawizi, na sasa binti yake wa chuo anamwambia kazi yake kubwa ni kumfanya kijana wake aonekane mwizi. "Mlango wazi haukaribishi mawimbi peke yake," alisema. Tulibishana siku mbili. Mwisho seremala aliubadilisha mlango kwa wa mbao, maana mbao kavu inayapitisha mawimbi bila taabu, na kila usiku mdogo wangu anaibeba mashine nyumbani kwenye begi lake la shule.

Sehemu ngumu ilikuwa ile elfu kumi. Mama alitaka irudishwe. Mdogo wangu alikataa katakata: akiirudisha, amekubali kwamba aliiba. Mimi nilimwona yuko sahihi, na mama pia nilimwona yuko sahihi. Nilikwenda stendi kumweleza yule kijana: sanduku, miili, mstari wa mwanga, vyote. Alinisikiliza kwa heshima, akiwa amekaa juu ya pikipiki yake. "Sawa dada, umesoma," akasema. "Lakini hela yangu?"

Hela haikurudi. Mdogo wangu aliandika kwenye boksi kwa kalamu nene: PEDI IKIKATIKA, MECHI INARUDIWA BURE, akalibandika juu ya luninga. Kijana alikuja jioni tatu mfululizo, akasimama mlangoni, akakodolea macho mlango wa mbao, akaondoka. Jioni ya nne aliweka 500 mezani, akamwambia mdogo wangu atoke nyuma aje akae pembeni yake, mikono juu ya magoti, ionekane. Mdogo wangu akahama bila neno. Kijana akachukua nyekundu, akakaa kulia.

Alifungwa mbili bila. Pedi haikukatika. Alisema goli la pili lilikuwa ofsaidi.